Kompyuta Moja, Wahariri Watatu: Namna ya Kutunza Mipangilio Yako ya Kuediti Video

Ilikuwa saa 6 usiku, Jumapili. Video ya send-off ya Jumamosi ilitakiwa kufika kwa wazazi wa bibi harusi Jumatatu mchana, na mimi nilikuwa nimefika sehemu ya zawadi, ile ambayo kila upande wa ukoo unaingia ukicheza, na vitenge, na masufuria kichwani, na kamera haizimwi hata dakika. Kazi ya hapo ni kupunguza. Macho yako kwenye picha, kidole cha mkono wa kushoto kiko juu ya Q na W. Kwenye Premiere Pro, programu ya Adobe ya kuediti video, ukibonyeza Q inatupa kila kilichopo tangu mwanzo wa klipu hadi pale ulipofika, na W inatupa kilichobaki mbele, kisha pengo linajiziba lenyewe. Mikono yangu imezoea hivyo miaka yote.

Usiku ule nilibonyeza Q kwa zaidi ya dakika kumi nikiwa nafuata muziki na nyuso za watu, bila kuangalia chini. Nilipoangalia, taimulaini yote, ule mstari ambao klipu zinapangwa kwa mfuatano, ilikuwa imekatwakatwa vipande kama nyanya za kachumbari, na hakuna hata kipande kimoja kilichoondoka. Mwenzangu wa zamu ya mchana alikuwa ameibadilisha Q iwe ya kukata tu. Nilirudisha nyuma kwa Ctrl+Z hadi ikagoma, na bado sikufika nilipoanzia. Ikabidi nifungue nakala ya zamani kwenye folda ya Auto-Save na kuanza upya.

Mwenzangu hakuwa na kosa. Aliipanga kibodi kama mikono yake inavyojua, na mimi ningefanya vilevile. Tatizo ni kwamba kompyuta ilikuwa na akaunti moja, ya ofisi, na sisi watatu tuliishi humo kama wapangaji wa chumba kimoja wasiogawana hata kabati. Ninaandika mwongozo huu kwa ajili ya yeyote aliye katika hali hiyo: studio ya harusi, kituo cha televisheni, chumba cha kompyuta cha chuo, au ofisi yenye mashine moja nzuri na wahariri wengi. Nimejikita kwenye Windows na Premiere Pro kwa sababu ndivyo ninavyotumia kila siku, kisha nitapita kwenye DaVinci Resolve na nyinginezo.

Tenganisha kwanza vya kwako na vya wote

Kwenye kompyuta ya kuediti kuna mafungu matatu ya vitu.

Vya kwako ni vile vinavyofuata mikono na macho yako: njia za mkato za kibodi, namna ulivyopanga madirisha kwenye skrini, priseti za efekti (yaani mipangilio iliyohifadhiwa ili itumike tena) ulizotengeneza mwenyewe, na priseti za kutolea video iliyokamilika.

Vya kazi ni projekti, video ghafi, muziki, picha na nembo ya ofisi. Hivyo si vya mtu.

Vya mashine ni programu zenyewe, plagini (nyongeza za programu), spika zilizochomekwa, skrini ya pili, na diski ambayo mafaili ya muda yanaandikwa.

Ninasisitiza hili fungu la tatu kwa sababu ndilo linalowaponza wengi. Mtu anasoma mahali kwamba mipangilio yote ya Premiere iko kwenye folda moja inayoanza na neno Profile, anaikopi yote kutoka laptopu yake ya nyumbani na kuibandika kwenye mashine ya ofisi. Humo ndani, pamoja na vitu vyake, kuna faili la mapendeleo linalokumbuka spika za laptopu na diski za laptopu. Anafungua programu, sauti haitoki, na keshi, yaani yale mafaili ya muda, inaandikwa mahali ambapo hapana nafasi. Anayekuja zamu inayofuata anaanza siku kwa kutafuta sauti. Usibebe folda nzima. Chukua kimoja kimoja, kama nitakavyoeleza.

Kama unaruhusiwa: kila mtu na akaunti yake ya Windows

Hii ndiyo dawa yenyewe, na haigharimu hata shilingi. Premiere, Resolve na programu nyingi za aina hii huhifadhi mipangilio ndani ya akaunti ya mtumiaji wa Windows. Watu watatu wakiwa na akaunti tatu, kila mmoja anapata kibodi yake na madirisha yake bila kumgusa mwenzake.

Mwombe mwenye nenosiri la msimamizi akae nawe dakika tano:

1. Fungua Settings, nenda Accounts, kisha Other users. Kwenye Windows 10 utaiona kwa jina la Family & other users.
2. Bofya kitufe cha kuongeza mtu. Windows itakudai barua pepe. Chagua I don't have this person's sign-in information, kisha Add a user without a Microsoft account.
3. Andika jina fupi lisilo na nafasi katikati, na nenosiri. Jina hili litaonekana ndani ya njia za mafaili, kwa hiyo usiandike "Mhariri Mkuu wa Usiku".
4. Toka, ingia kwa akaunti mpya, fungua Premiere. Itakutaka uingie upya kwenye akaunti ya Adobe. Hilo ni la kawaida.

Akaunti mpya huwa haina mamlaka ya kusakinisha programu. Iache hivyo. Kwenye mashine ya watu wengi, anayesakinisha plagini awe mmoja tu, anayejulikana.

Kuna mambo mawili ambayo hatukuyafikiria mapema, na yalitusumbua.

La kwanza ni mahali pa kuweka projekti. Ukiiweka Desktop au Documents, iko ndani ya nyumba yako na mwenzako akiingia kwa akaunti yake haioni. Tengeneza folda ya kazi kwenye diski nyingine, mathalani D, na kila kazi ikae huko tangu siku ya kwanza. Usianzie Desktop kwa nia ya kuihamisha baadaye, kwa sababu baadaye hiyo huwa ni saa 2 usiku, mteja yuko mlangoni na wewe umeshafika Mbagala.

La pili ni keshi. Kila akaunti hutengeneza keshi yake, na kwa kawaida inakaa kwenye diski C. Wahariri watatu wakifanya kazi za saa tatu tatu, diski C inajaa na mashine inaanza kukohoa. Kila mtu aingie kwenye Preferences, sehemu ya Media Cache, aielekeze kwenye folda yake ndani ya D, na hapohapo aruhusu programu ifute yenyewe mafaili ya zamani. Sisi tumeweka siku 30.

Na unapomaliza zamu, chagua Sign out. Ukibadilisha mtumiaji tu bila kutoka, Premiere yako inabaki wazi kwa chini, imeshika kumbukumbu ya mashine, na mwenzako anahangaika na video inayokwama bila kujua sababu.

Kama huruhusiwi: folda moja inayotembea nawe

Ofisi nyingine hazikubali akaunti nyingi. Kwenye vyuo vingi kompyuta zina programu ya kuzirudisha zilivyokuwa kila zinapozimwa, hivyo chochote ulichobadilisha kinapotea jioni. Na wale wanaoediti kwa vibarua, leo studio hii kesho ile, hawana pa kuweka akaunti. Hapo unahitaji folda yako.

Iite kwa jina lako. Ndani weka folda ndogo tano: Kibodi, Madirisha, Efekti, Kutolea, Fonti. Uzito wake ni mdogo. Faili la kibodi la Premiere ni maandishi matupu na linaingia hata kwenye simu ya bei ndogo.

Usiitunze kwenye flashi peke yake. Flashi zinazozunguka kwenye mashine za watu hubeba virusi, hasa vile vinavyoficha folda zako na kukuachia njia za mkato tupu zenye majina yaleyale, na zaidi ya hapo flashi hupotea. Ukishaijaza folda, ibane iwe zip, jitumie kwenye WhatsApp kama dokyumenti, na nyingine kwenye barua pepe yako. Flashi ni ya kufanyia kazi. Hizo nyingine ni za siku ambayo flashi haipo.

Premiere Pro: kibodi

Anza na hii, maana ndiyo inayouma kuliko zote ikikosekana.

Bonyeza Ctrl+Alt+K. Dirisha la Keyboard Shortcuts linafunguka likiwa na picha ya kibodi. Panga unavyotaka, kisha juu kabisa bofya Save As na uandike jina lako. Usihifadhi juu ya mpangilio wa mtu mwingine, na usiache jina la Custom, kwa sababu kila mtu akigusa kitu bila kuhifadhi programu inamwekea jina hilohilo.

Sasa lifuate faili lenyewe. Funga Premiere. Nenda Documents, Adobe, Premiere Pro, kisha folda yenye namba ya toleo: 24.0 ni toleo la 2024, 25.0 ni la 2025. Ndani yake kuna folda ya Profile yenye jina la akaunti, na ndani ya hiyo kuna folda inayoitwa Win. Humo utakuta faili lenye jina ulilolipa, likiishia na .kys. Likopi kwenye folda yako ya Kibodi.

Ukikosa folda ya Adobe ndani ya Documents, angalia ndani ya OneDrive. Windows siku hizi hupenda kuihamishia Documents huko bila mtu kugundua, na nimeona watu wakitafuta nusu saa kitu kilichoko folda ya pili.

Ukifika mashine nyingine, kinyume chake: funga Premiere, bandika faili lako kwenye Win, fungua programu, bonyeza Ctrl+Alt+K, na kwenye orodha ya Keyboard Layout Preset chagua jina lako. Sekunde 30. Ukimaliza zamu, rudi kwenye orodha ileile na urudishe ule uliokuta. Faili lako linaweza kubaki pale bila kumdhuru mtu. Kinachomdhuru mwenzako ni kuuacha mpangilio wako ukiwa ndio unaofanya kazi.

Kwenye dirisha hilohilo kuna kitufe cha Copy to Clipboard. Kinakopi orodha ya vitufe vyote kama maandishi. Ibandike kwenye Word, ihifadhi ndani ya folda yako. Ikitokea faili la .kys limekataa, au umehamia Mac ambako folda inaitwa Mac na Ctrl nyingi zinageuka Cmd, unapanga upya ukisoma hapo.

Premiere Pro: madirisha

Hapa kuna mtego. Ukipanga madirisha na kuyahifadhi kwa Window, Workspaces, Save as New Workspace, programu inaandika faili kwenye folda ya Layouts ndani ya Profile. Lakini halilipi jina lako: linaitwa UserWorkspace na namba, na jina lako limo ndani ya maandishi. La mwenzako nalo linaitwa UserWorkspace na namba. Ukibandika lako la kwanza juu ya lake la kwanza, umefuta lake, na Windows ilikuuliza mara moja tu ukabofya Replace.

Mimi sikopi kabisa mafaili hayo. Ninatumia projekti tupu:

1. Kwenye mashine yako, tengeneza projekti mpya isiyo na kitu. Panga madirisha unavyopenda.
2. Ihifadhi kwa jina lako kwenye folda ya Madirisha.
3. Kwenye mashine ya pamoja, hakikisha ndani ya Window, Workspaces kuna alama ya tiki kwenye Import Workspace from Projects.
4. Fungua projekti yako tupu. Madirisha yanajipanga kama yalivyokuwa. Chagua Save as New Workspace, weka jina lako, basi.

Tiki hiyohiyo ndiyo sababu ukifungua projekti ya mwenzako unakuta skrini imegeuka na hujui dirisha la sauti limeenda wapi. Mpangilio wake umekuja na projekti. Ukishakuwa umehifadhi wa kwako, iondoe tiki, na projekti za watu zitafunguka ndani ya mpangilio wako. Lakini kama mnatumia akaunti moja, waambie wenzako kwanza, maana wapo wanaoutegemea.

Efekti na kutolea

Priseti za efekti ni rahisi. Kwenye dirisha la Effects, kusanya priseti zako ndani ya folda moja ya Presets, iteue, fungua menyu ya dirisha hilo na uchague Export Presets. Unapata faili la .prfpset. Kuirudisha ni Import Presets kwenye menyu hiyohiyo.

Kwa priseti za kutolea ninapitia Media Encoder, programu ya Adobe ya kutolea video. Kwenye Preset Browser, chagua priseti yako, kisha menyu ya Preset, Export. Faili linaishia na .epr. Ipe jina linalosema inachofanya: "WhatsApp ndogo", "YouTube 1080", "Flashi ya mteja". Nimekuta mashine yenye priseti saba zinazoitwa H264 mpya, na hapakuwa na hata mmoja kati yetu aliyejua ipi ni ipi.

Niongeze jambo moja ambalo linahusu priseti ya sikwensi, yaani ya taimulaini unayojengea video: ukubwa wa picha na idadi ya fremu. Umeme wetu Afrika Mashariki ni wa Hz 50, na televisheni zetu zilirithi mfumo wa PAL wa fremu 25 kwa sekunde. Kamera ikiwekwa 25, taa za ukumbi hazipepesi. Lakini simu ya shangazi aliyerekodi keki ina 30, na ukiburuta klipu yake ya kwanza kwenye taimulaini tupu, sikwensi nzima inakuwa ya 30 bila wewe kusema. Kwa hiyo tengeneza yako: File, New, Sequence, kwenye kichupo cha Settings weka 1920 kwa 1080 na fremu 25, kisha Save Preset. Inakaa kwenye Profile, ndani ya Settings, ndani ya Custom. Hii, tofauti na kibodi, ningependa iwe ya ofisi nzima. Kazi ya harusi moja ikihaririwa na watu watatu kwa kasi tatu tofauti, siku ya kuunganisha ndipo utaona mwendo wa bwana harusi unaruka.

DaVinci Resolve

Kwa kibodi, ni Ctrl+Alt+K pia. Upande wa juu kulia kuna orodha ya mipangilio, na kando yake vitone vitatu vyenye kuhifadhi, kuleta na kutoa nje. Ukiitoa nje unapata faili la maandishi la .txt. Na kama umetoka Premiere na bado hujajenga wa kwako, humo ndani umo mpangilio tayari wa Adobe Premiere Pro. Uchague, mikono itatulia. Madirisha yanahifadhiwa kwenye Workspace, Layout Presets.

Lakini utamu wa Resolve ni maktaba ya projekti. Projekti zake hazikai kama mafaili ya kawaida. Zinakaa ndani ya maktaba, na pamoja nazo zinakaa PowerGrade, yaani zile rangi ulizozitengeneza ukaziweka akiba zitumike kwenye kazi yoyote. Watu wakitumia maktaba moja, PowerGrade zao zote zinachanganyika, na atakayefuta ya mwenzake kwa kudhani ni uchafu hatajua.

Fungua Project Manager, onyesha orodha ya maktaba upande wa kushoto, bofya Add Project Library. Chagua Create, iite jina lako, na kwenye mahali pa kuhifadhi elekeza folda iliyoko kwenye SSD yako ya nje. Kuanzia hapo projekti na rangi zako zinasafiri na diski hiyo. Kwenye mashine nyingine unafanya vilevile, ila badala ya Create unatumia Connect.

Tahadhari mbili. Toleo jipya la Resolve likifungua maktaba ya zamani hukuomba kuipandisha daraja, na ukikubali, toleo la zamani haliwezi tena kuifungua. Kwa hiyo kabla ya kukubali, toka, iweke nakala kwa Back Up, na ujue studio zote unazofanyia kazi zina toleo gani. Ya pili ni LUT, mafaili ya kubadilishia rangi za picha. Zenyewe hazimo kwenye maktaba. Zinakaa kwenye mashine, kwenye ProgramData, chini ya Blackmagic Design, na ni za akaunti zote. Ukipaka rangi kwa LUT iliyoko nyumbani tu, kazini picha itafunguka bila hiyo rangi. Beba mafaili ya LUT pamoja na kazi.

Avid na Final Cut, kwa ufupi

Avid Media Composer ilifikiria jambo hili mapema kuliko wengine. Inagawa mipangilio kuwa ya mtumiaji, ya projekti na ya kituo, na ukiianzisha inataka kujua wewe ni mtumiaji gani. Tengeneza wasifu wako usikae ndani ya wa mtu. Jua tu kwamba kwenye Windows wasifu hizo zinakaa kwenye nyaraka za Public, folda ya Avid Users, kwa hiyo hata mkiwa na akaunti tofauti za Windows kila mtu anaziona na anaweza kuzifuta. Nakala yako kwenye flashi ni lazima.

Kwa Final Cut Pro, menyu ya Final Cut Pro ina Command Sets. Hapo unatoa nje faili la .commandset. Madirisha yako kwenye Window, Workspaces.

Fonti

Hii imetuaibisha mbele ya mteja, kwa hiyo naipa nafasi yake. Ukibofya fonti kwa kitufe cha kulia na kuchagua Install, Windows inaiweka kwa ajili ya akaunti yako peke yake. Wewe unaandika majina ya maharusi kwa mwandiko mzuri wa kalamu. Mwenzako anafungua projekti ileile kwa akaunti yake ili atoe video, programu haioni fonti, inaweka nyingine, na majina yale yanatoka kwa herufi za barua ya ofisi ya kata. Chagua Install for all users. Itadai nenosiri la msimamizi, na inastahili kumsumbua. Faili la fonti pia liweke ndani ya folda ya kazi.

Alt ambayo usiibonyeze hovyo

Ukishikilia Alt wakati Premiere inafunguka, inakupa nafasi ya kurudisha mapendeleo mwanzo. Ni tiba nzuri programu ikianza kuchanganyikiwa, na mafundi wengi hukimbilia huko kwanza. Kwenye akaunti ya pamoja, inawarudisha wote mwanzo. Kabla hujaishika, kopi folda nzima ya Profile uiweke pembeni kwenye D, uandike tarehe kwenye jina lake, na umpigie simu mwenzako. Yeye ndiye anayejua kama anacho cha kupoteza humo.

Kupokezana zamu

Tumebandika karatasi chini ya skrini, imeandikwa kwa kalamu nene. Unapoingia: chagua kibodi yako, chagua madirisha yako, bonyeza Q mara moja kwenye klipu ya majaribio uone inafanya nini. Unapotoka: rudisha kibodi ya ofisi, hifadhi, toka kwenye akaunti, andika kwenye daftari umebadilisha nini kwenye mashine. Daftari ni la vitu kama "nimehamisha sauti kwenda hedifoni" au "nimesakinisha fonti mpya mbili". Dada wa zamu ya asubuhi ndiye aliyelianzisha, na siku ya kwanza aliandika: "Kaka, spika ya kushoto nimeichomoa, inakwaruza, usidhani ni klipu." Niliokoa saa nzima.

Programu ikipandishwa toleo, usimwachie fundi afute la zamani hapohapo. Toleo jipya likifunguliwa mara ya kwanza huweza kuchukua mipangilio kutoka lile lililotangulia, lakini kila mtu akague kibodi yake na madirisha yake kwanza. Sisi tunasubiri hadi wote watatu tumefanya kazi moja kamili kwenye jipya.

Na ukiondoka ofisi hiyo, kaa kwenye mashine mara ya mwisho ukiwa na folda yako. Chukua nakala mpya za .kys, .prfpset na .epr, kwa sababu zile za mwaka jana hazina vitufe ulivyoongeza mwezi uliopita. Acha priseti ya sikwensi, fonti na nembo; hivyo ni vya kazi. Futa jina lako kwenye orodha ya kibodi na ya madirisha, toka kwenye akaunti ya Adobe kama ni yako, kisha mwonyeshe anayebaki projekti ziko folda gani.